Binti wa miaka 8 anataka timu ya kuogelea: aanzie wapi hapa Goma?

Swali la mama mmoja wa mtaa wa Himbi: "Mwalimu, habari ya kazi. Binti yangu ana miaka 8, na tangu akiwa na miaka 5 anaoga ziwani na binamu zake. Anaenda mpaka kwenye mitumbwi na kurudi. Kijana mmoja anayefundisha watoto kwenye pisini ya hoteli alimwona, akaniambia nimlete kwenye timu. Tangu siku hiyo mtoto hatuachi tupumue. Baba yake anasema kuogelea ni mchezo wa watoto wa matajiri, na kwamba maji ya hapa yameshamaliza watu wa kutosha. Mimi mwenyewe sijui kuogelea. Nianzie wapi?"

Mama, nianze na baba wa mtoto, kwa sababu hofu yake haikutoka hewani. Kila mtu wa Goma anakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilipopinduka ikiwa imekaribia kabisa bandari ya Kituku, watu wakiwa nchi kavu wanatazama. Mzazi aliyeishi siku ile ana haki ya kuogopa maji, na sitamwambia kwamba mtoto akijua kuogelea basi ziwa halimwezi. Ndani ya boti iliyojaa kupita kiasi, kinachookoa kwanza ni jaketi la kujiokolea lililofungwa mwilini. Lakini mtoto anayekulia hatua chache kutoka ziwa Kivu ataingia majini, baba apende asipende. Binti yenu ameshaingia, miaka 3 sasa, na waliokuwa wakimwangalia ni binamu zake, watoto kama yeye. Hilo linanitia wasiwasi kuliko timu yoyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya 4 kati ya 10 walikuwa watoto wa chini ya miaka 15. Kwa hiyo mkikaa na mzee jioni, msiongee kama vile mnachagua kati ya pisini na usalama. Mnachochagua ni nani atakayemwangalia mtoto akiwa majini.

Sasa mtoto mwenyewe. Watoto wa ziwani nawapenda kuwafundisha. Wanakuja na ujasiri, hawalii maji yakiwaingia puani, na miili yao inajua kwamba maji yanabeba. Wanachokosa karibu wote ni kimoja: pumzi. Mwangalie binti yako anapoelekea kwenye mitumbwi. Bila shaka kichwa kiko juu, kidevu nje, mikono inapiga haraka haraka. Kichwa kikiwa juu, kiuno kinashuka, miguu inazama, na mtoto anaogelea kama anayepanda mlima. Anafika, ndiyo, lakini anafika amechoka, na siku umbali ukiongezeka kidogo au upepo wa mchana ukileta mawimbi, nguvu zitamwishia katikati.

Ndiyo maana wiki za kwanza kwenye timu nzuri zitamkera. Yeye anajiona anajua, na mwalimu atamwambia ashike ukuta apige mapovu pamoja na watoto wa miaka 6. Mwambie mapema, asije akadhani amedharauliwa. Na mnaweza kuanza nyumbani kabla hamjalipa hata faranga moja. Chukua beseni pana, tia maji ya vuguvugu mpaka nusu, weka juu ya kiti kigoda. Mtoto apige magoti mbele yake, aingize uso mpaka masikio yaguse maji, atoe hewa polepole kwa pua na mdomo, mapovu yawe madogo na yasikatike. Kisha ageuze kichwa upande, shavu moja likibaki ndani ya maji, avute hewa kwa mdomo, arudishe uso chini na kuanza tena. Mwanzoni ataunyanyua uso wote juu. Kila akifanya hivyo, mrudishe kwenye shavu. Siku atakapoweza kufanya mara 20 mfululizo bila kukohoa wala kuharakisha, amepata nusu ya mtindo huru, ule wa tumbo ambao walimu wetu wengi hapa wanauita kroli. Ukimaliza mwaga maji ya beseni papo hapo, maana mtoto mdogo anayetambaa anaweza kufa kwenye maji yasiyofika magotini.

Nieleze kwa nini mapovu yana uzito huo. Kinachomfanya mtu atamani hewa kwa nguvu majini si kwanza kuishiwa oksijeni. Ni gesi ya kaboni (kaboni dioksidi) inayojazana mwilini kwa sababu hakuitoa. Mtoto anayebana pumzi chini ya maji, akitoa kichwa anapaswa kutoa na kuvuta hewa kwa wakati mmoja, na hana hata sekunde nzima. Anavuta nusu, kisha robo, kisha anaanza kuhangaika. Aliyekwisha kutoa hewa chini anatoka mdomo ukiwa tayari, anavuta tu. Kutoka hapo inatoka pia sheria ambayo mimi sibishani na mtoto yeyote juu yake: hakuna mashindano ya kukaa chini ya maji, na hakuna kuhema haraka haraka kabla ya kuzamia. Kuhema hivyo kunafukuza gesi ya kaboni, mwili unakosa ile kengele ya kumwambia apande, na mtoto anazimia kimya kimya akiwa chini. Binamu zake wanaucheza mchezo huo, nina hakika. Ukomeshe.

Kabla ya kumwandikisha kwenye timu, omba afanyiwe jaribio moja, mwalimu akiwa karibu naye. Aingie penye kina asichogusa chini, apande mwenyewe, alale chali aelee dakika moja bila kupapatika, aogelee mita 25 uso ukiwa majini, mita 25 za mgongo, kisha atoke kwa kujivuta ukingoni bila ngazi. Akiyaweza haya, yuko tayari kwa timu. Akishindwa moja, anahitaji masomo ya kawaida ya miezi michache kwanza, na si aibu yoyote. Mwalimu anayempokea mtoto kwenye timu bila kumjaribu anatafuta ada.

Pisini za hoteli zetu nyingi ni fupi, na hilo lisikukatishe tamaa. Kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, Éric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 peke yake, wenzake wawili wakiwa wameondolewa kwa kuruka kabla ya ishara. Alitumia dakika 1 na sekunde 52.72, na hakuwahi kuingia kwenye pisini ya mita 50 kabla ya safari ile. Mazoezi yake aliyafanya kwenye pisini ya hoteli kule Malabo. Baadaye alikuja kuwa kocha wa timu ya nchi yake. Namtaja kwa sababu ya heshima niliyo nayo kwake, na kwa sababu safari yake inaonyesha hasara ya pisini fupi: kila baada ya mita chache unasukuma ukuta na kupumzika bila kujua. Kwa hiyo mita 25 za jaribio lile, kwenye pisini ndogo, zihesabiwe kwa ukali: afike, ageuke bila kusimama wala kushika ukuta kwa muda, aendelee.

Kuhusu kijana aliyekuita. Huenda ni mwalimu mzuri sana, sitamhukumu bila kumwona. Nenda siku moja bila mtoto, ukae pembeni tangu mwanzo mpaka mwisho. Usiangalie anavyoongea na wazazi, angalia macho yake yako wapi. Mwalimu anayefaa hawapi watoto mgongo, na simu yake iko ndani ya mfuko. Hesabu watoto. Kwa wanaoanza, mtu mzima mmoja kwa watoto 5 au 6 inatosha, naye awe ndani ya maji pamoja nao. Ukikuta watoto 15 na kijana mmoja aliyekaa kivulini na filimbi, aga kwa heshima uende zako. Mtu anayezama hapigi kelele kama watu wanavyodhani. Mdomo unapanda na kushuka usawa wa maji, mikono inasukuma pembeni chini ya uso wa maji, hawezi kupunga wala kuita, na jambo zima linaweza kuisha chini ya dakika moja. Anayemwona ni yule aliyekuwa anatazama.

Kisha mwulize swali moja: mtoto akitolewa majini sasa hivi hapumui, mnafanya nini? Jibu linalotakiwa linaanza na hewa. Anaitisha msaada, anafungua njia ya hewa kwa kuinua kidevu, anapuliza pumzi 5 za kwanza, ndipo anaendelea na kubonyeza kifua mara 30 na kupuliza mara 2, bila kukoma mpaka msaada ufike. Aliyezama amekosa hewa, ndiyo maana pumzi zinatangulia. Akikuambia wanamning'iniza mtoto kichwa chini au kumkanda tumbo ili maji yatoke, huyo bado hajafundishwa, na dakika anazopoteza hapo ndizo dakika zenyewe za kumwokoa mtoto. Angalia pia kama kuna mti mrefu au boya lenye kamba ukingoni, na kama mlinzi wa hoteli anajua gari litatoka wapi kwenda hospitali.

Lingine nalisema wazi, kwa sababu wazazi wetu wanaona haya kuuliza. Mtoto wa kike asibaki peke yake na mwalimu yeyote, wa kiume au wa kike, ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, ndani ya gari, wala kwenye "mazoezi ya ziada" ambayo wazazi hawakualikwa. Mwalimu akitaka kumrekebisha mkono au mguu, afanye mbele ya watu na amwambie mtoto kabla ya kumgusa. Picha za watoto wakiwa na nguo za kuogelea zisizagae kwenye simu za watu. Timu nzuri itafurahi kukusikia ukiuliza. Timu ikikuambia wazazi hawaruhusiwi kukaa na kutazama, usimpeleke.

Maji ya pisini yapime kwa macho. Ukisimama ukingoni uone wazi kabisa tundu la kutolea maji kule chini penye kina. Usipoliona, hata mwalimu hataliona umbo la mtoto lililolala pale. Ile harufu kali ya dawa inayochoma macho haimaanishi maji ni safi sana. Inatokana na klorini iliyokutana na jasho na mkojo, yaani watu hawakuoga kabla ya kuingia. Mtoto aoge kwa sabuni kabla, na akiwa anaharisha abaki nyumbani mpaka apone kabisa. Katika mji unaokijua kipindupindu kama wetu, hili halihitaji maelezo marefu.

Timu nyingine, kwa kukosa pisini, zinafanyia mazoezi ziwani. Sizikatai, ila masharti ni mengine. Ufuko wa Kivu unashuka ghafla: hatua mbili maji kiunoni, ya tatu hakuna chini, na ziwa lenyewe lina kina cha zaidi ya mita 480. Mawe ya volkano yanakata miguu kama wembe. Pawe na kamba yenye maboya inayoweka mpaka, mtumbwi wenye mtu mzima upande wa nje, na mahali pawe mbali na pale watu wanapoteka maji kwa bidoni na kufulia nguo. Na mazuku, yaani ile gesi ya kaboni inayotoka ardhini. Wewe ni mtu wa Himbi, unayajua, lakini kijana aliyetoka mbali anaweza kuwa hayajui. Gesi ile haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, inalala kwenye mabonde madogo na mashimo kando ya ziwa, zaidi upande wa magharibi wa mji kuelekea Bulengo na Ziwa la Kijani, na inajaa hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa anavuta hewa nzuri, huku mtoto aliyechuchumaa kuvaa viatu pembeni yake anavuta gesi. Kwa hiyo mazoezi ya ziwani yasianze kabla jua halijapanda, nguo zisibadilishwe shimoni, na palipowekwa bango la hatari hapatumiki hata kama maji ya hapo ni mazuri.

Baridi wazazi wengi wanaisahau. Tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na pisini za hapa hazipashwi moto. Mtoto mwembamba wa miaka 8 anapoteza joto haraka. Midomo ikibadilika rangi, taya likianza kugonga, atoke, akaushwe, avae sweta, hata kama zimebaki dakika 20 za mazoezi mliyolipia. Dakika 45 majini zinatosha kwa umri wake. Kama kuna ugonjwa wa selimundu (sikoseli) katika familia, yaani watoto SS, usimwingize kwenye timu kabla ya kupima na kuongea na daktari, kwa sababu maji baridi na uchovu vinaweza kuamsha maumivu makali. Vilevile kama ana kifafa, pumu, au sikio linalotoa usaha, mwalimu aambiwe, tena kwa maandishi.

Fedha sasa, lile neno la mchezo wa matajiri. Baba ana haki kwa sehemu: tiketi ya mlangoni ya kila siku ndiyo inayomaliza familia. Usilipe hivyo. Wazazi watano au sita mkiungana, mkamwendea meneja wa hoteli na kuomba saa za asubuhi siku za wiki wakati pisini iko tupu, mnaweza kupata bei ya mwezi ambayo mtu mmoja hawezi kuipata. Omba pia juma la kwanza liwe la kujaribu kabla ya kulipa mwezi. Vifaa vya lazima ni vitatu. Nguo ya kuogelea inayobana mwili, na ya mtumba nzuri utaipata soko la Virunga, ila ivute uone kama mpira wake bado unarudi. Miwani ya kuogelea, ambayo unaijaribu bila kufunga mkanda: ibandike machoni, ikishika yenyewe sekunde mbili tatu inamfaa. Na kofia. Ubao wa kupigia miguu ni kazi ya timu kuwa nao. Mtu akikuuzia viatu vya kuogelea vya bei kubwa kwa mtoto anayeanza, mrudishie.

Nywele nazo zinawafukuza wasichana wengi kwenye mchezo huu kuliko uoga, kwa hiyo tulizungumze. Msuko wa chini unaolala kichwani unakaa vizuri ndani ya kofia. Rasta ndefu zinaijaza kofia mpaka inaruka. Kabla ya mazoezi lowesha nywele kwa maji safi na upake mafuta kidogo, hapo hazitanyonya klorini nyingi. Baadaye suuza mara moja, na mwili nao upakwe mafuta, la sivyo ngozi itapauka na kuwasha.

Ale saa moja na nusu hivi kabla ya kuingia: kikombe cha uji wa sosoma (unga wa soya, mtama na mahindi) na ndizi moja. Mara mbili kwa juma ni vya kutosha mwaka wa kwanza, na siku ambazo hali ya mji hairuhusu kutoka, beseni lipo. Usiruhusu timu imfunge kwenye mtindo mmoja kwa sababu ana kasi. Mtoto wa umri huu ajifunze yote minne, mtindo huru, mgongo, chura na kipepeo, na kipepeo kije mwisho. Usimpimie saa nyumbani wala kumlinganisha na mtoto wa jirani. Mashindano yake ya kwanza yakifika, mweleze filimbi: fupi fupi mfululizo maana yake jiandae, ndefu moja maana yake panda, kisha anasubiri "tayari" na ishara. Kwenye chura na kipepeo anagusa ukuta kwa mikono miwili pamoja, la sivyo anaondolewa. Wengi wanaondolewa mara ya kwanza kwa kosa hilo hilo, na mzazi hapaswi kumfokea mwamuzi.

Na wewe, Mama, umesema hujui kuogelea. Mpaka utakapojua, usiruke majini kumfuata mtoto anayezama, maana tutawatoa wawili. Ukienda naye ziwani, beba bidoni tupu ya lita 20 iliyofungwa kifuniko sawasawa, yenye kamba ndefu mpinini, umrushie aikumbatie kisha uvute. Inambeba hata mtu mzima. Halafu uliza pale pale hotelini kama wana saa ya akina mama. Miaka yako si kikwazo, nimefundisha bibi waliokuwa wanaogopa hata kulowesha uso, na wanaanza na beseni lile lile.